Baiskeli ya Anton si Upinde

Ng'ambo, Tabora
9 Mei 1954

Mdogo wangu Leonia,

Salamu nyingi kama mchanga wa njia ya Kwihara, ule unaomeza tairi mpaka kwenye spoki. Mimi mzima. Miguu yote miwili ipo, meno yote yapo isipokuwa lile lililobaki vitani Burma, na lile silidai.

Tangu nirudi kutoka huko kumzika shemeji Anton, sijaacha kukuwaza. Najua siku za mjane hazina jioni. Basi nikupe habari za mjini ucheke hata kidogo. Anton hatakasirika, maana katika ukoo mzima yeye ndiye aliyekuwa anajua kucheka.

Jumapili, misa ya kwanza ikiisha, sisi wenye baiskeli haturudi nyumbani. Tunakusanyika karibu na soko: Justus wa reli, Modest fundi cherehani, Nikolaus anayewapikia Wazungu, na wengine ambao wakinyamaza huwezi kujua kama wapo. Tunatoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, kama babu zetu walivyokwenda pwani na pembe mabegani. Mbele kabisa anakwenda kirangozi, kiongozi wa msafara. Na kirangozi ni nani? Usiniulize, mimi ni mtu mnyenyekevu. Ila hata pale bohari ya mizigo ninapofanya kazi hawaniiti tena Kasimiri.

Juzi tumefika kwenye reli, askari akatusimamisha. "Mna kibali cha maandamano?" Nikamwambia, "Afande, haya si maandamano. Hawa ni watu wenye haraka ya aina moja." Akasema basi atakagua kengele. Tukazipiga zote kwa pamoja. Punda wa muuza maji aliyekuwa nyuma yake akatupa madebe yote mawili na kuelekea Sikonge. Askari akamkimbilia punda, na sisi tukaendelea na safari yetu kwa heshima.

Nasikia mtaondoa matanga baada ya mavuno. Je, ile baiskeli ya Anton iko wapi? Usiiache iozee uani. Chombo kile kina fremu nzuri kuliko hata zile nilizoziona Kolombo.

Kaka yako,
Kasimiri Lugembe

*

Choma
23 Mei 1954

Kaka Kasimiri,

Shikamoo. Barua yako imeletwa na lori la pamba. Nimecheka pale pa punda, kisha nikaona aibu kidogo, kisha nikacheka tena.

Baiskeli haijaoza. Iko ndani, nalala nayo chumba kimoja. Masolwa, kaka wa marehemu, anakuja mara kwa mara kuitazama. Anasema siku ya kuondoa matanga wazee watagawa vitu kwa desturi ya huku: vya upinde vinakwenda kwa wanaume wa ukoo, vya jembe vinabaki kwa mjane. Na anasema baiskeli ni upinde. Sababu yake ni moja tu, kwamba mwanamume anaipanda na mwanamke anaisukuma.

Kaka, baiskeli ile ilinunuliwa kwa pamba niliyoilima mimi, Anton akiwa amelala na kifua chake. Kila gunia la karanga lililokwenda gulioni lilikwenda juu ya keria ile, na mimi nyuma nikilisukuma. Ikichukuliwa, nitabeba kichwani, na mzigo wa kichwani haunitoshi kukaa kwangu. Itabidi nije kukaa jikoni kwa watu, au nikubali kurithiwa. Masolwa anaye mke, Paskazia, na Paskazia ni rafiki yangu. Sitaki kupika chungu kimoja naye kwa sababu hiyo.

Nina swali dogo. Kiti cha baiskeli kinapandishwa kiasi gani? Na je, fremu ya kiume, yenye lile bomba la juu, mtu mwenye nguo ndefu angeipandaje? Nauliza tu, kwa ajili ya kuitunza.

Mdogo wako,
Leonia

*

Ng'ambo, Tabora
2 Juni 1954

Mdogo wangu Leonia,

Swali lako limenifurahisha. Linaonyesha unaheshimu chombo. Umemwuliza mtu mwenyewe. Darasa la nne niliondoka kwa sababu mwalimu hakupenda nimsahihishe, lakini kuhusu kiti cha baiskeli nina elimu ya askofu.

Mtu akae kitini, aegemee ukuta. Kisigino akiweke juu ya pedali iliyo chini kabisa. Goti likinyooka, pamefaa. Kisha aondoe kisigino aweke unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Kiti kikiwa chini, magoti yanampiga mtu kidevuni kama Nikolaus, ukimwona utadhani anapanda ngazi amekaa. Kikiwa juu, nyonga zinacheza ngoma na usiku mgongo unatoa ushahidi. Pua ya kiti isitazame mbinguni wala ardhini. Kwa usukani, weka kiwiko kwenye pua ya kiti, vidole vinyooke mbele. Vikikaribia usukani, mwache mtu aende zake.

Penye mchanga usijaze upepo sana. Na miiba ya migunga ya huko, ikaguliwe kila jioni kwa kupitisha kitambaa juu ya tairi, usipitishe kidole.

Nguo ndefu ni jambo jepesi. Mapadri wanaendesha na kanzu zao. Wanaipitisha katikati ya miguu, wanaichomeka kiunoni kwa nyuma, wanavuka bomba kama mbuzi anavyovuka kamba. Kama Masolwa anavaa kanzu, mfundishe hivyo, asije akajiaibisha.

Lakini hataipata. Nimekwisha kumwandikia. Nimemwambia: siku ya matanga nitafika Choma na msafara wa baiskeli kumi na tisa, mimi mwenyewe kirangozi, ngoma mbele, na atakayegusa mali ya dada yangu atakula vumbi la Tabora. Justus alinishauri nifute vumbi. Nikafuta vumbi, nikaandika moshi.

Lala usingizi. Kaka yako yupo.

Kasimiri Lugembe,
Kirangozi

*

Choma
20 Juni 1954

Kwa Shemeji Kasimiri,

Salamu. Barua yako imefika. Mimi sikusoma, kwa hiyo mwalimu wa dini ameisoma mbele ya kanisa, naye ana sauti kubwa. Wazee wote wameisikia.

Mzee Ngollo, ambaye alipokuwa kijana alibeba pembe mpaka Bagamoyo, amefurahi sana. Anasema tangu reli ije hajaona msafara ukipita hapa. Tena anasema msafara ukiingia nchi ya watu hutoa hongo, ile ada ya njia, ndipo unapewa maji. Wazee wamekaa wakapima. Hongo ya msafara wako ni baiskeli moja, ile ya marehemu ndugu yangu. Wewe mwenyewe umejiita kirangozi, na mwenye kukabidhi hongo ni kirangozi. Hatukukulazimisha.

Matanga ni tarehe 18 Julai. Karibu sana, kuku wapo. Kiti cha baiskeli nimekichukua nikiweke kwangu, kisiharibiwe na jua.

Ni mimi, Masolwa.
Nimeandikiwa na mwalimu wa dini Raymundi, ambaye naye anakusalimu.

*

Choma
21 Juni 1954

Kaka,

Shikamoo. Salamu zimeishia hapo.

Nilikuwa na kesi moja, sasa ninazo mbili. Kesi yangu ilikuwa kwamba baiskeli ni jembe. Nilikwisha kuzungumza na wazee wawili, mmoja mmoja, taratibu, na mmoja alikwisha kuanza kujikuna kichwa. Wewe ukaleta msafara na ngoma katika karatasi. Sasa wanaongea habari za hongo, wamechangamka kama vijana, na baiskeli yangu imekuwa ada ya kukukaribisha wewe.

Usije. Ukija na wanaume kumi na tisa, nani atauliza tena habari za jembe? Wataona wanaume wa Tabora na wanaume wa Choma wanagombea upinde. Mimi nitakuwa jikoni nakoroga uji wa wote.

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana, nami nikuambie. Ulidhani swali la nguo ndefu lilikuwa la Masolwa? Masolwa anavaa kaptula. Ninaendesha mimi, kaka. Tangu mwezi wa tatu, alfajiri, kwenye njia ya lambo. Nimeanguka kwenye katani, nimeanguka kwenye tope, nimeanguka katikati ya ng'ombe wa watu nao wakasogea wakanipisha. Nilijichubua kiwiko, nikamwambia mwalimu wa dini nimechomwa na chungu, Mungu anisamehe. Kisha ikaja barua yako, nikapandisha kiti kama ulivyosema, goti likanyooka, na siku hiyo sikuanguka.

Sasa Masolwa amekichukua kiti. Alidhani baiskeli isiyo na kiti itakaa ndani. Naendesha nimesimama. Mapaja yanawaka lakini naendesha.

Paskazia, mkewe, aliniona. Nilingoja aseme atamwambia mumewe. Aliniuliza kama inauma.

Leonia

*

Ng'ambo, Tabora
30 Juni 1954

Leonia,

Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya magunia ya mpunga. Nikasimama. Nikakaa tena. Justus akaniuliza nani amekufa.

Tangu mwezi wa tatu. Na mimi nikikueleza habari za pua ya kiti kama mtu anayemfundisha bata kuogelea, na wewe ukinijibu kwa adabu. Hayo nayaweka kando, nitayakasirikia nikizeeka.

La hongo nimekosa. Mdomo wangu huu ulinipeleka mpaka Burma, nilipomwambia karani wa jeshi kwamba siogopi, na sasa umekuletea wazee wa misafara. Nakuomba radhi, na ujue mtu huyu haombi radhi ovyo, mwulize Modest.

Umeniambia nisije. Nimekusikia. Nitakuja. Dada wa mtu hawezi kuondolewa matanga huku upande wa kwao hakuna hata kikohozi. Lakini sitaleta msafara. Nitakuja na Justus na Modest tu. Tukifika karibu tutaachana, kila mtu apite njia yake kama tusiojuana. Hakuna mstari, hakuna ngoma, hakuna wa mbele wala wa nyuma. Mzee Ngollo akidai hongo, tutamwuliza msafara uko wapi. Atakuwa anawaona wageni watatu wenye njaa.

Nikifika nitakaa, nitakula, nitanyamaza. Usicheke. Nimeanza kufanya mazoezi. Jana bohari nimenyamaza tangu saa mbili mpaka chai, wakaniletea dawa ya malaria.

Kesi ni yako, uiendeshe wewe. Ila neno moja la kaka. Wakisema upinde, wakisema mkuki, wakisema bunduki ya Mjerumani, usiwape.

Kasimiri

*

Ng'ambo, Tabora
27 Julai 1954

Mdogo wangu Leonia,

Tumerudi salama. Modest amepata pancha njia nzima, kwa sababu mtu huyu anakagua tairi kwa macho ya fundi suruali. Mimi hata moja.

Ulituaga haraka siku ile, au niseme hukutuaga, maana ulikuwa umekwisha kuondoka. Mwanzo wa mambo unaujua kuliko mimi. Ulisimama mbele yao ukasema habari za pamba na karanga, na pale kwenye ngozi ya ng'ombe walikuwa wameweka upinde wa Anton na jembe lako, na baiskeli katikati yake bila kiti, kama kuku aliyenyonyolewa. Niliuuma ulimi wangu mpaka nikasikia chumvi. Mzee Ngollo, aliyekosa msafara wa kuudai hongo, akasema, "Ni upinde." Ukasema, "Nimesikia, wazee." Ukapitisha kanga katikati ya miguu, ukaichomeka nyuma, ukaivuta baiskeli kutoka kwenye ngozi, ukaondoka umesimama juu ya pedali.

Sasa sikia usiyoyaona.

Mtoto akauliza, "Anakwenda wapi?" na mama yake akamziba mdomo. Masolwa akasema, "Mkamateni." Watu wakatazamana. Kukamata kwa miguu kusingewezekana, ulikuwa umekwisha kupita kisima. Baiskeli nyingine pale zilikuwa tatu tu, na zote za Tabora. Macho yote yakanigeukia. Mzee Ngollo akasema, "Kirangozi, ni dada yako, na una chombo. Mrudishe."

Leonia, unanijua. Hakuna mtu Tabora hii aliyewahi kusema amenipita. Wakati wa vita nimeshindana na Mhindi mwenye gia, nikamwacha anatafuta kofia yake. Nimeyasema hayo kila mahali, nimeyasema hata pale kwenu usiku wa kuamkia matanga, wazee wakiwa wanakunywa. Kwa hiyo walijua. Na mimi nilijua kwamba wanajua.

Nikainuka. Nikaenda mpaka kwenye baiskeli yangu, nikalizungusha tairi la nyuma, nikalitazama linavyozunguka vizuri. Nikarudi nikakaa. Nikasema, "Wazee, siwezi. Hata ningeanza jana. Yule mwanamke ananishinda."

Wakacheka, Leonia. Walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. "Kirangozi wa Tabora ameshindwa na mjane." Masolwa alicheka kuliko wote, kisha akaacha ghafla, alipoona hakuna anayeinuka. Modest akafungua mdomo kusema yeye anaweza, Justus akamkanyaga mguu na kuuacha mguu wake palepale. Tukala ugali. Ulikuwa mzuri, waambie wapishi.

Habari imefika Tabora kabla yetu, sijui kwa simu ya nani. Bohari sasa wananiita Mkia. Jumapili Nikolaus amekwenda mbele, na mimi nimewekwa mwisho. Kule mwisho kuna vumbi, lakini mazungumzo yake ni mazuri, sikuwa najua.

Ulikuwa uongo, wewe na mimi tunajua. Ningekukamata kabla ya lambo.

Lakini hukumu yao ipo palepale, na Masolwa hatalala. Niandikie upesi. Ukisema nije, nakuja leo.

Kaka yako,
Kasimiri

*

Choma
15 Agosti 1954

Kaka Kasimiri,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa lile ulilolifanya.

Usingenikamata.

Usije. Mambo yako hivi. Wazee wametuma mtu kunikumbusha hukumu. Nikamwambia nimeisikia, tena nimeisikia vizuri, kisha nikapakia karanga nikaenda gulioni. Wiki iliyofuata wakamtuma tena, akanikuta nafunga gunia, akanishikia kamba upande wa pili huku ananikumbusha. Mzee Ngollo nikipita kwake anasema, "Hicho ni upinde." Namwambia, "Ndiyo, mzee," namwamkia, "Mwangaluka," na ninapita. Wamezungumza habari ya kunitoza mbuzi. Sina mbuzi. Wamesema watu wasizungumze nami. Wanawake wakaanza kuja kwangu kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma sina, kwa hiyo wanaingia wa mbele.

Kiti alikirudisha Paskazia. Alikileta ndani ya kapu, juu yake viazi. Hakuomba kitu. Alisimama tu, akaishika kengele, akaiachia. Nikamwambia apitishe kanga katikati ya miguu.

Tumekuwa watatu, mimi, yeye, na Marcelina wa pale kwenye mashine ya kusaga. Baiskeli ni moja, kwa hiyo mmoja anapanda, mmoja anashika nyuma, wa tatu anaangalia ng'ombe. Tunabadilishana. Kiti tunakishusha kwa Paskazia na kukipandisha kwa Marcelina, nimewafundisha la kisigino. Hatuendi tena alfajiri. Tunakwenda Jumapili baada ya ibada, hapo hapo mbele ya kanisa, mahali palipo tambarare.

Leo Masolwa amekuja. Amekuja na ndugu zake wawili, mbele ya watu wote waliotoka kusali, na amesema kwa sauti kwamba amechoka na anachukua kilicho chake. Watu wakatoa njia. Akaja moja kwa moja, akaukamata usukani kwa mikono yote miwili.

Aliyekuwa juu ya kiti alikuwa Paskazia. Alikuwa anatokea upande wa jua, nadhani Masolwa aliona kanga tu akafikiri ni mimi.

Nikasema moyoni, basi imekwisha. Paskazia naye alikuwa amekauka, mguu mmoja juu, mmoja chini. Akamtazama mumewe. Akamwambia, taratibu kama mtu anayeomba maji, "Shika hivyo hivyo, baba Bernadeta. Usiachie, nitaanguka."

Akakanyaga pedali.

Masolwa angefanya nini? Akivuta, mkewe anaanguka mbele ya kanisa zima. Akiachia, anaanguka pia. Baiskeli ikaanza kwenda, naye akaanza kwenda nayo, kwanza kinyumenyume, kisha akageuka akawa ubavuni, mkono mmoja usukani na mwingine nyuma ya kiti, kaptula yake na viatu vya Jumapili. Paskazia akazidi kukanyaga. Masolwa akakimbia. Wakapita kisima, wakapita kwa Mzee Ngollo aliyekuwa amekaa nje, wakafika kona ya lambo, na pale njia inateremka kidogo. Tulimwona ameachia. Baiskeli ikaendelea. Haikuanguka.

Walirudi wawili wanaisukuma. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani. Masolwa amesimama mbele yangu anahema, jasho mpaka kwenye viatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote, kaka, nilikuwa nayo tayari yamepangwa. Akaitazama baiskeli, akaniuliza kwa hasira, "Hii pedali ya kushoto mbona inalia?"

Nikamwambia imekauka.

Akasema mafuta anayo kwake, na mtu haachi chombo kikalia namna hiyo mbele ya watu. Akamchukua mkewe wakaenda.

Baiskeli imelala kwangu. Kesho naondoka mapema na gunia la karanga, na Paskazia amesema atanifuata mpaka kisimani kwa miguu, kuniangalia ninavyoendesha kwenye mchanga.

Mdogo wako,
Leonia wa Anton